Kabla Hujafunga Boksi la Askari, Muulize Kwanza

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma kwa simu kila nikitoka shifti ya usiku, niko huku Lowell, Massachusetts, mwaka wa kumi na saba sasa, kazi yangu kuangalia wazee. Mwaka huu peke yake nimepigiwa simu na familia tatu kutoka nyumbani na zote swali ni lile lile, mtoto wetu ameingia jeshi la Marekani amepelekwa nje, tumtumie nini na tunatumaje. Nimechoka kurudia kwa kila mmoja, acha niandike mara moja wasome wote, na makosa yetu nitayasema pia maana tumeyafanya mengi.

Watoto wetu kwenye hilo jeshi wako, tena si mmoja wawili. Ukiwa na grini kadi unaruhusiwa kuingia, na kuanzia 2009 hadi 2016 kulikuwa na mpango ukiitwa MAVNI uliokuwa unachukua hata wenye viza ya masomo kama wanajua lugha inayotakiwa, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha. Mtoto wa kaka yangu aliingia kwa mlango huo. Kijana wa Changamwe, Kiswahili alichojifunzia kwenye matatu ndicho kilichompa yunifomu, sisi nyumbani tulicheka sana. 2018 wakampeleka Iraq miezi tisa. Kambi siitaji na utaona kwa nini.

Boksi langu la kwanza nilifunga kwa machozi na ndo kosa lenyewe hapo, nilikuwa napakia huzuni yangu. Nikatia kashata nilizopika mwenyewe, mabuyu niliyoletewa kutoka Mombasa, soksi, chokoleti, sabuni za kuogea sita, shampuu na majani ya chai. Yote pamoja, hakuna cha kutenga. Likafika baada ya wiki tatu hivi, Julai, joto la Iraq mwezi huo linaweza kupita nyuzi 50. Nikangoja asante. Ikaja meseji, "Shangazi asante sana lakini kashata zinanuka bafu." Chokoleti iliyeyuka ikaingia kwenye soksi, shampuu ikamwagika juu ya majani ya chai, na ile harufu ya sabuni imekaa ndani ya boksi lililofungwa wiki tatu kwenye joto, sukari yote na nazi yote imeinywa. Alikula mabuyu peke yake. Tena sabuni hakuwa na shida nayo, kuna duka kambini.

Basi nikamuuliza, wewe unataka nini hasa. Akajibu bila kufikiri, chai ya nyumbani na tangawizi ya unga, pilipili, achari, unga wa sima, waipsi za mtoto kwa sababu ya vumbi, na barua iliyoandikwa kwa mkono. Hakutaja chokoleti wala hizo soksi! Chakula chao si kibaya, kuna ukumbi wanakula mpaka wanashiba, na wakitoka kambini wana zile pakiti za jeshi, moja tu ina kalori kama 1,250, kwa hiyo askari huyu hafi njaa. Kinachomkosa ni ladha. Mtu anakula kuku wa kuchemshwa miezi tisa, ukimpelekea kijichupa cha achari ya maembe umembadilishia mlo wote wa mwezi.

Sasa njia yenyewe. Posta ya Marekani ina anwani za jeshi, APO kwa jeshi la nchi kavu na anga, FPO kwa wanamaji. Unaandika jina kamili, kikosi, halafu APO na herufi mbili, AE ni Ulaya pamoja na Mashariki ya Kati na Afrika, AP ni upande wa Pasifiki, kisha namba ya posta. Nchi huandiki. Narudia tena maana kuna mama aliyebishana na mimi, usiandike Iraq wala Kuwait popote kwenye anwani, ukiandika boksi linaweza kuchukuliwa njia ya posta ya raia ya nchi ile na hapo utalingoja mpaka uchoke. Malipo ni kama unatuma ndani ya Marekani tu, safari iliyobaki jeshi linabeba. Kuna boksi kubwa la bei moja linalotolewa bure pale posta na likienda APO linapunguzwa bei kidogo, mwisho wake ni paundi 70, karibu kilo 32, sasa unga ndo hapo unapofaidi, pakia pakiti za kilo mbili mbili mpaka boksi lilie, bei haibadiliki. Fomu ya forodha lazima ujaze hata kama malipo ni ya ndani, andika kitu kimoja kimoja. Na huo unga andika ni unga wa mahindi wa kupikia, usiache tu neno unga, karani alinishikilia pale kaunta akitazama ile pakiti nyeupe kama nimebeba kitu kingine, foleni yote nyuma yangu imenyamaza.

Kwa walio nyumbani ushauri wangu ni huu, mpitishieni ndugu au rafiki aliye Marekani. Tuma hela au tuma vitu vidogo na mtu anayesafiri, sisi huku tutafunga.

Vitu vilivyokatazwa vinategemea anakoenda. Nchi kama Iraq na Kuwait hakuna pombe, hakuna nyama ya nguruwe ya aina yoyote, hakuna picha za uchi. Marashi na vitu vya kupuliza kwenye kopo achana navyo. Na vitabu vya dini ambavyo si vya Kiislamu anaruhusiwa vya kutumia mwenyewe, kwa wingi haviruhusiwi. Hili tulilijua kwa aibu. Kina mama wa kanisani walinunua Biblia arobaini, wakazipanga vizuri kwenye maboksi mawili, wakaja na mchungaji mpaka posta. Karani akasoma orodha yake akasema hapana. Mchungaji akaanza kumweleza juu ya uhuru wa kuabudu, mimi nikatoka nje nikajifanya napokea simu. Tulirudi na Biblia thelathini na tisa.

Lakini kosa kubwa kuliko hilo lilikuwa la picha. Krismasi ile tulifunga maboksi saba, tukajipanga nyuma yake na kofia nyekundu, tukapiga picha, mtu akaitupa kwenye grupu la WhatsApp lenye watu karibu mia mbili, wengine hata hatuwajui, na kutoka hapo ikaenda Facebook. Mbele kabisa kwenye picha lebo ya boksi inasomeka vizuri, jina, cheo, kikosi, namba ya posta. Kijana alinipigia saa tisa usiku yetu, nimemlea tangu mdogo na sijawahi kumsikia akinipandishia sauti, siku hiyo alipandisha. Tukaanza kukimbizana kufuta lakini picha ikishatoka imetoka. Kwa hiyo mkipenda kupiga picha pigeni kabla ya kubandika lebo, na msiseme yuko wapi wala anarudi lini. Jeshi lenyewe zamani lilikubali mizigo isiyo na jina la mtu, unaandika tu iende kwa askari yeyote, wakaifuta Oktoba 2001 wakati ule barua zenye kimeta zinatumwa Marekani. Siku hizi lazima mzigo uwe na mwenyewe anayejulikana, ndo maana hiyo anwani ni kitu cha kutunza.

Nije kwenye jambo lililonifanya niendelee kutuma. Geti la ile kambi lilikuwa linalindwa na Waganda. Watu wengi hawana habari, kampuni za ulinzi zilianza 2005 kuchukua Waganda kwenda kulinda kambi za Wamarekani huko Iraq, maelfu wamepita. Wengi wao walikuwa wanajeshi kwao kwa hiyo Kiswahili wanakijua, kile cha jeshi. Hao si askari wa Marekani, anwani ya APO si yao na hakuna watoto wa shule wanaowachorea kadi za Krismasi. Mtoto wetu alikuwa na unga lakini hana pa kupikia, vyumbani mwao majiko yamekatazwa. Waganda wana sufuria. Basi ile sima, wenyewe wanaita posho, ikawa inapikwa kwao kila Ijumaa, yeye anakuja na unga na pilipili, wao wanatafuta maharage. Akanitumia picha ya mkono mmoja tu umeshika tonge, uso hauonekani, nilikuwa nimeshamfundisha adabu ya picha au tuseme yeye ndiye alinifundisha mimi. Toka siku hiyo boksi likawa na unga mara mbili, na majani ya chai ya pakiti ndogo ndogo ili yagawike bila kupimana.

Halafu kuna huu ugonjwa wetu wa kuchoka. Mwezi wa kwanza kila mtu anatuma, Krismasi kila mtu anatuma, Februari hakuna hata mtu. Kijana aliniambia Desemba maboksi yalijaa mpaka wakawa wanagawa dawa za meno kwa wapita njia, Machi sehemu ya kuchukulia barua iko tupu kama soko la jioni. Nikawaambia kina mama tugawane miezi, kila mmoja achukue mmoja, boksi dogo, na akishindwa aandike barua tu. Wachache walikubali. Wengine wakasema bila picha inakuwa haina raha, na hao wamesema kweli yao angalau.

Na wa kwetu je? KDF, jeshi letu la Kenya, iko Somalia tangu Oktoba 2011, na polisi wetu walitua Haiti tarehe 25 Juni 2024, ng'ambo kabisa, saa saba au nane nyuma ya Nairobi. Jirani wa mama yangu mume wake alikuwa Somalia, kila alipotaka kumpelekea kitu alikuwa anatafuta mwenzake aliye likizo anayekaribia kurudi, anamfuata mpaka stendi na kifuko mkononi, akimkosa amemkosa. Mwanamke anamwomba mtu asiyemjua ambebee nusu kilo ya chai mpaka vitani, na mwenyewe yule mwanamume begi lake limejaa ya kwake. Mhariri, gazeti lako lina mdomo mkubwa kuliko wangu. Waulizeni wakubwa kwa nini familia isipewe anwani moja ya posta, iandike namba ya askari na kikosi bila kutaja nchi, ilipe stempu kama inatuma Nakuru, na ndege ya jeshi ikienda na mizigo yake ibebe na hilo gunia la barua. Ndege si zinaenda tu?

Mtoto wetu alirudi salama 2019, ametoka jeshini, sasa anaendesha lori Texas na chai anajinunulia. Mimi sikuacha. Msichana wa rafiki yangu yuko kwenye meli ya wanamaji, kwa hiyo nimejifunza FPO, meli inatembea boksi linaifuata bandari kwa bandari. Ili lifike Krismasi posta hutaka liwe limetumwa mwanzoni mwa Desemba, mimi la kwangu litatoka Novemba. Unga, tangawizi na pilipili viko kwenye mifuko yenye zipu, sabuni hakuna. Boksi liko hapa jikoni wazi, selotepu juu yake, namngoja anijibu anataka achari ya ndimu au ya maembe.

Shangazi wa askari,
Lowell, Massachusetts