Risala ya Chama cha Sanaa kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Maonyesho

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, hamjambo.

Kwa niaba ya chama cha sanaa cha shule yetu, ninakukaribisha, mheshimiwa, mbele ya kolaji hii, yaani picha ya vipande vilivyobandikwa pamoja. Ina upana wa futi 12 na kimo cha futi 8: mbao tatu za plaiwudi zilizosimamishwa ubavu kwa ubavu. Wazo lilikuja pale mwalimu alipotuonyesha kazi za Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1972, aliyekata picha za majarida na kuzibandika hata juu ya michoro ya vitabu vya tiba. Nasi tukatamani kuubandika mji wetu wa Nairobi. Imetuchukua mihula miwili, na muhula wa kwanza karibu wote ulikuwa wa kuharibu.

Tulianza na magazeti na gundi ya unga wa ngano tuliyoipika wenyewe. Ni rahisi, tena inashika vizuri. Lakini mvua za Aprili zilipokolea, kuvu ilitanda sehemu yote ya picha inayoonyesha Eastlands, mitaa ya mashariki ya mji, na mende wakala pembe zake. Tukabandua, tukarudia kwa gundi nyeupe ya maseremala. Wiki iliyofuata tukakuta mbao zimejipinda kama mitumbwi. Karatasi ikiloa hutanuka, ikikauka hujikaza. Ikivuta upande mmoja tu, ubao huifuata. Tulizilaza chini ya mawe siku tatu, wapi! Fundi seremala jirani ndiye aliyetwambia tubandike karatasi mgongoni pia, ili pande mbili zivutane, kisha tupigilie fito. Pitisha kiganja chako hapa, mheshimiwa. Pamenyooka.

Vitambaa ni masalio ya vitenge na leso tuliyopewa na mafundi cherehani wa soko la Gikomba. Leso moja ilichuja, wekundu wake ukaenea angani kote. Tangu hapo kila kitambaa tunakiloweka kwanza. Wekundu wenyewe hatukuufunika, kwa kuwa uliangukia juu ya vilima vya Ngong, na jua letu huzama huko.

Mabati na vifuniko vya soda ndivyo vilivyotutesa zaidi. Tulivibandika jioni, asubuhi tukavikuta sakafuni, si mara moja wala mbili. Mwishowe tuliacha kubishana na gundi: tukatoboa matundu kwa msumari na kufunga kila kipande kwa waya. Mabati yalitoka kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji. Baadhi yetu tulitaka kuyapaka rangi yang'ae, lakini wenzetu wanaoishi Mukuru, mtaa wa mabanda, wakakataa katakata. Walisema paa za kwao zina kutu, na kutu ionekane. Mheshimiwa, hapo ndipo mahali tunapopapenda kuliko pote.

Kisha tukagundua kwamba tuliunganisha mbao zote tatu darasani, na mlango haukuweza kuzipitisha. Ilibidi tukate picha kwa kisu penye maungio mawili, kazi ya wiki nyingi ikichanika mbele ya macho yetu. Wapo waliolia. Zilibaki nyufa mbili, kutoka juu hadi chini. Tulizikodolea macho siku kadhaa, hadi mwanafunzi wa kidato cha pili akauliza mbona tumesahau mito. Ufa mmoja sasa ni Mto Nairobi, mwingine Mto Mathare, kingo zake zimejazwa vipande vya chupa za plastiki tulizookota kando ya maji yenyewe. Jina la mji huu latokana na maneno ya Kimaasai, Enkare Nairobi, maji baridi. Tuliona haya kuwa tulikuwa tumeisahau mito hiyo.

Ombi letu ni moja. Tunahifadhi kazi zetu kwenye ghala linalovuja, na unyevu tayari umeshaturudisha nyuma mara moja. Tunaomba utusaidie kupata chumba kikavu, chenye mlango mpana.

Mwisho, tumebakiza pengo moja, la ukubwa wa kiganja, kwenye ukingo wa Mto Nairobi. Gundi iko tayari na vipande vimo kapuni, chagua ukipendacho. Ukishakiweka, anza kukandamiza katikati, usukume hewa polepole kuelekea pembeni.

Karibu, mheshimiwa.

Ni sisi, wanachama wa chama cha sanaa.