Barua ya malalamiko juu ya premikse yenu ya kuku, mufuko mupya

Bakubwa ba sosiete, jambo yenu.

Miye ni mufugaji wa hapa Lubumbashi, ku Ruashi, niko na kuku ya nyama 300 na ya mayai 150, na premikse yenu ya madini, ule unga wa kuchanganya mu chakula ya kuku, nanunuaka ku depo yenu inapita myaka tatu. Mbele sikukuwa na neno. Lakini tangu mulitosha ule mufuko wa kijani mukaleta huu mweupe wenye picha ya jogoo mukubwa, mambo iliharibika, na kila mara nikifika ku depo naambiwa "papa, rudia juma ingine", njo maana leo naandika.

Shida ya kwanza iko ku etiketi. Mufuko wa zamani ulionyesha manganezi ngapi, zinki ngapi, shaba, chuma, iyodi, seleniumu, kila moja na miligramu yake. Huu mupya unasema tu "madini yote yenye kuku inahitaji". Yote, ngapi? Provande, chakula ya kuku, nachanganyaka mwenyewe, mahindi, turto (makapi) ya soya na unga ya samaki kidogo, na mahindi iko maskini sana ya manganezi, kama miligramu 7 tu ku kilo. Kipimo cha NRC, baraza ya utafiti ya Marekani, cha 1994, ni miligramu 60 ku kilo ya chakula ya kuku ya nyama. Na mufuko wenu unasema tutie kilo 2 na nusu ku tani. Basi tuhesabu pamoja: 60 ku kilo inakuwa gramu 60 ku tani, kwa hiyo mu kila kilo ya premikse mupaka ikuwe gramu 24 ya manganezi kama ni yenyewe itabeba kazi yote. Iko ao haiko? Jibu ni mustari moja tu.

Ku juma ya tatu tukuku twa nyama tukaanza kuchechemea. Kifundo kinavimba, kisha mguu unapinduka pembeni, kuku inajikokota na mabawa mupaka ku chakula na zile zenye nguvu zinaikanyaga. Veterineri alipasua moja akanionyesha mushipa wa nyuma ya kifundo, umeteleza umetoka mu nafasi yake. Alisema inafanana na kukosa manganezi, hata kama kukosa vitamini kama kolini ao biotini nayo inaleta vile. Nilipoteza 41.

Lakini chenye kiliniuma zaidi ni ajenti wenu. Nilimupigia, hata hakuuliza kuku iko na juma ngapi, asema "ongeza chokaa, mifupa iko zaifu". Nikaongeza, juu nilimuamini. Bakubwa, chokaa ikizidi inazuia manganezi na zinki isiingie mu mwili! Kuku ya mayai inaomba kalisiumu 3 na nusu mupaka 4 ku mia, ya nyama karibu 1 tu. Zenye zilikuwa zinachechemea kidogo zikalala kabisa. Mutu wa kuuza madini asijue ile, kweli?

Ya mayai nayo, maganda inakuwa nyembamba, plato ya 30 inafika ku soko na tano zenye kupasuka, na zile chokaa zinapata ya kutosha, si yenyewe inakosa, nawaza ni manganezi tena.

Na shaba sasa, sisi bantu ba Katanga tunakaa juu ya shaba! Niambieni munatia ya aina gani, sulfati ao oksidi, juu ile oksidi iko bei ya chini lakini kuku inaitoa mu mavi karibu vile iliingia. Kuandika "shaba" ku mufuko haitoshi.

Naomba munipe karatasi yenye vipimo vya namba ya mufuko wangu, munirudishie makuta ya kilo 5 zenye nililipa, tuzungumuze pia juu ya zile 41, na yule ajenti mumukataze kutoa dawa kwa simu. Kilo 2 bado zimefungwa hapa kwangu na faktire yake, mukitaka kuzipima ku laboratware mukuje kuzikamata, lakini tufungue pamoja.

Kuku ya mayai haiwezi kungoja, juma hii natuma mutu Kasumbalesa, ku mupaka, anitafutie premikse ingine.

Mukiliya wenu wa Ruashi