Pete ya lesi ikigoma kufunga, usikate uzi kwanza

Wateja wengi wanaojifunza tatingi, yaani lesi ya vifundo, hukwama mahali pamoja: pete, yaani duara la vifundo, imefika mwisho, shanga zimekaa vizuri, lakini uzi ukivutwa haifungi. Lawama huangukia uzi. Mara nyingi uzi hauna kosa.

Kila kifundo kamili kina nusu mbili, na zote mbili zinatakiwa zifungwe na uzi uliozungushwa vidoleni. Uzi wa kidau (kile kifaa cha umbo la mtumbwi) hupita katikati tu, ndiyo maana unateleza. Kifundo kisipogeuka, uzi wa kidau ndio unaojifunga, na pete inagoma. Kwa hiyo, ukishapitisha kidau, legeza vidole vya mkono wa kushoto, kaza uzi wa kidau unyooke, na utaona kifundo kikiruka upande wa pili. Hapo ndipo unyanyue kidole cha kati kukisogeza mahali pake. Jaribu kuvuta uzi kidogo baada ya kila kifundo. Ukikwama, fumua hichohicho kwa ncha ya sindano, kwani kibovu kimoja tu kinazuia pete nzima, na ukitumia nguvu pamba inakatika.

Shanga nazo hutungwa kabla ya uzi kuingia kwenye kidau. Baadaye zinaweza kupachikwa mojamoja kwa kulabu nyembamba ya kroshia, ila hiyo ni kazi ya kuumiza macho, na wewe ulitaka kupumzika.

Chukua hereni ya pete 5. Kila pete: vifundo 4, kijitanzi (uzi mfupi unaoachwa wazi kati ya vifundo), 4, shanga 3, 4, kijitanzi, 4. Kijitanzi cha kwanza cha pete ya pili huachwa. Mahali pake unaunga na kijitanzi cha mwisho cha pete iliyotangulia, na hivyohivyo hadi ya tano. Hiyo ni shanga 15 kwa hereni moja, 30 kwa jozi. Mita 2 za uzi kwa kila hereni zinatosha na kubaki. Kabla ya kuanza pete yoyote, sogeza shanga 3 ziingie kwenye kitanzi cha vidoleni; zikibaki upande wa kidau, hazitafika zinapotakiwa.

Uzi namba 20 unaendana na shanga namba 11, zenye upana wa kama milimita 2. Uzi namba 10 ni mnene zaidi, utafutie shanga namba 8. Ncha ya uzi ikichanika, ipake rangi ya kucha, ikauke, uikate mshazari.

Kukaza hereni, tumia gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji. Maji ya sukari hukaza pia, lakini sisimizi watakutangulia kuzivaa.

Ukitaka kupumzika, funga kwanza pete uliyoianza. Kitanzi kilicho wazi hujisokota mkobani. Na iliyogoma kabisa ilete dukani ilivyo, na uzi wake, tukufumulie.