Vizibo vya chekechea vina kazi kuliko daftari

Kwa Mhariri,

Kila muhula wazazi wa chekechea hapa Mombasa huja na lalamiko moja: daftari la mtoto ni jeupe. Wa jirani anaandika mpaka 20, wangu kutwa anachezea vizibo vya soda. Sisi tunaofundisha PP1 na PP2, yaani madarasa mawili ya chekechea, tungependa kueleza vizibo hivyo vinafanya nini. Mtaala wa umilisi unataka mtoto afikiri kwa kina, na kwa mwenye miaka 4 au 5 pa kuanzia ni vitu anavyovijua: nyumba yao, soko, njia ya shule.

Swali la siku linaweza kuwa, "Umefikaje shule leo?" Sakafuni tunachora kwa chaki safu 4: miguu, tuktuk, bodaboda, matatu. Wanaovuka Likoni wanaongezewa ya feri. Kila mtoto anaweka kizibo kimoja kwenye safu yake. Hapa pana kosa ambalo wasaidizi wengi hulifanya: wanaacha vizibo vipangwe ovyo. Mtoto wa umri huu hupima wingi kwa urefu wa mstari. Vizibo 5 vilivyoachana atakwambia ni vingi kuliko 7 vilivyobanana, na hata ukivihesabu mbele yake hatashawishika. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alilieleza jambo hili zamani. Dawa yake ni kugawa kila safu visanduku vya sentimita 10 kila upande, kizibo kimoja kwa kisanduku.

"Wengi wamekuja na nini?" ni swali la kuhesabu tu. La kufikiri ni hili: "Mvua ikinyesha, safu gani itapungua, na kwa nini?" Watabishana. Mwalimu anukuu chati ile kwenye karatasi kubwa kabla fagio halijapita, kisha siku ya mvua irudiwe na mbili zilinganishwe. Bila karatasi hiyo ubashiri wao hauna pa kupimiwa, na shughuli yote inabaki mchezo kweli.

Kuna nazi pia. Kila kikundi cha watoto 5 kinapewa kumbi, kifuu, kipande cha kuti, kamba ya usumba, nazi nzima na chupa ndogo ya mafuta ya nazi iliyofungwa. Kifuu kisuguliwe kingo kwa msasa, la sivyo kitakata mkono. Kazi yao ni kuvitenga mafungu mawili wapendavyo. Mwalimu akisema tu "tengeni vinavyoliwa na visivyoliwa", amekwisha kuwafanyia kazi, kilichobaki ni kutii. Akinyamaza, kikundi kimoja kitatenga kwa ugumu, kingine kwa rangi, kingine kwa vile vinavyoelea majini, na wenzao wakisie kanuni iliyotumika. Baada ya hapo ndipo watu wanapoingia: mkwezi, msusi wa makuti, muuza madafu. Mnazi huu ukikatwa, nani atakosa kazi? Na nani atafurahi? Swali la pili ndilo lenye utamu, maana yuko atakayesema ni yule anayetaka kujenga.

Somo la zamani na sasa huharibiwa na vikapu viwili, kimoja cha zamani na kimoja cha sasa. Weka kandili, simu, kinu na jiko la makaa. Mmoja atasema jiko ni la zamani kwa sababu ni la bibi, mwingine atamjibu kwamba leo asubuhi chai imechemshwa juu yake. Wote wawili wana hoja. Mwalimu asiamue, alete kikapu cha tatu, cha vitu vya zamani na vya sasa pia, na aulize, "Umejuaje?" Na mwaka kama 1593, Ngome ya Yesu ilipoanza kujengwa, hauna maana kwa mtoto huyu. Akipelekwa huko, kumwimbisha kwamba ilijengwa na Wareno ni kasuku tu. Asimame nje aangalie bahari, aulizwe kwa nini walichagua hapa, mlangoni mwa bandari, wasichague kule Kongowea.

Adui mkubwa wa haya yote ni majibu ya pamoja, darasa zima likiitikia kama kwaya. Mwenye sauti ndiye aliyejibu, waliobaki wamefungua midomo. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliona kwamba walimu husubiri kama sekunde 1 tu baada ya kuuliza, na kwamba wakisubiri 3 majibu huwa marefu na yenye sababu. Sekunde 3 ni nyingi ukiwa umesimama mbele ya watoto 40, kwa hiyo tunawaambia wafiche jibu kwenye ngumi, wamnong'oneze jirani, ndipo mmoja aseme. Aseme kwa Kimvita, Kigiriama au Kiduruma, si hoja. Mtoto anayelazimishwa Kiingereza hutoa neno moja, na neno moja halibebi "kwa sababu".

Chekechea, kwa Katiba ya 2010, ni jukumu la kaunti. Tunaomba maafisa wanaokuja kukagua wakae somo zima la dakika 30 wahesabu maswali mangapi yana jibu zaidi ya moja, kabla ya kufungua madaftari. Nao wazazi, muhula ujao, badala ya daftari la tatu, mpeni mtoto aje na vizibo 20 na kifuu kimoja kilichopigwa msasa.

Walimu wa chekechea,
Mombasa