Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, madizaina wa Kigoma: vijana wa fildi na kazi tunazozikubali

Mwakeye wanachama wenzangu, kaka zangu, dada zangu na wazee wetu wa Ujiji mlioanza kazi hii kwa brashi na rangi za makopo kabla sisi hatujajua kompyuta inawashwaje. Naandika kwa simu nikiwa kwenye fremu yangu hapa Mwanga, umeme umekatika toka saa nne, kwa hiyo nikiruka ruka mnivumilie.

Ya fedha mhazini atayaleta mwenyewe kwenye kikao na vitabu vyake, mimi niseme tu ada zimelipwa vizuri kuliko mwaka jana na ambao bado mnajijua. Vikao tumekaa, misiba na harusi tumeshikana, mashine ya kukatia stika ya mwenzetu wa Mwandiga ilipoungua tulichanga ikatengenezwa. Hayo yamekwenda.

Nataka muda mwingi niutumie kwenye jambo moja ambalo limenikosesha usingizi mwaka huu, nalo ni hawa vijana wa fildi tunaowapokea, wanakuja na barua za vyuo wanakaa na sisi wiki nane wengine mpaka miezi mitatu, na kile wanachokikuta kwetu ndo wanachoondoka nacho wakijua ndo kazi yenyewe.

Nianze na kwangu mwenyewe. Siku hiyo nilikuwa nimeshuka stendi kupokea mabango yaliyotoka Mwanza, kijana wangu wa fildi nikamwacha peke yake kwa muda wa kama masaa mawili hivi. Ni mtoto wa Kasulu, mpole, anashika haraka. Narudi tu nasikia ananiita, mama njoo uone. Kwenye kioo kuna cheti cha kidato cha nne kimeskaniwa, amekivuta mpaka herufi moja imejaa kioo kizima, na juu ya jina la mwenye cheti ameandika jina jingine. Herufi zimekaa vile vile. Ule wino uliofifia pembeni ameuiga, na kile kikunjo cha karatasi kilichopita katikati ya jina amekirudisha mahali pake, ukitazama huwezi kujua. Uso wake unang'aa. Akaniambia, "Mama hiyo fonti nimeitafuta saa nzima, nimeipata."

Yule mtoto hakujua kabisa kama anafanya kosa. Alikuwa ananionyesha kazi, kama anavyonionyeshaga kadi ya harusi. Na atajuaje? Wiki zote alizokaa kwangu nimemfundisha leya, yale matabaka ya picha kwenye programu, nimemfundisha kubadilisha rangi za kioo ziwe CMYK, zile rangi nne za printa, kabla ya kupeleka kuprinti, nimemfundisha picha iwe 300 dpi, yaani nukta 300 kwa inchi, na kuacha milimita 3 za kukatia pembeni ili karatasi isitoke na mstari mweupe, lakini kuna kazi ambazo mkono wetu hauzigusi, hilo sijawahi kumtamkia hata siku moja. Nilidhani linajulikana lenyewe.

Jioni mteja aliyeleta hicho cheti alikuja kuchukua mzigo wake, nikamrudishia elfu thelathini yake aliyoiacha, akanitolea maneno mbele za watu, ni mtu tunakaa mtaa mmoja na mpaka leo salamu yangu haitikii. Faili nililifuta kijana akiwa anaona, kwenye kompyuta na kwenye flashi. Halafu tukakaa kwenye benchi la nje nikamweleza kwamba kughushi ni kosa la jinai, liko kwenye Kanuni ya Adhabu na lina kifungo, na polisi wakija hawataanza kuuliza nani mwanafunzi nani bosi, watauliza nani alikuwa amekaa kwenye kiti. Nikamweleza pia kwamba mwenye jina hilo akipata ajira kuna mwingine aliyesoma kweli ameikosa. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza taratibu, "Sasa mama ile risiti ya juzi?"

Wiki moja nyuma aliniona nabadilisha tarehe kwenye risiti ya mteja wangu wa siku nyingi, dakika mbili, nikaona kitu kidogo, mtu ana haraka ya kurudisha hesabu ofisini kwake. Nimeifanya mbele ya mtoto wa watu. Nikamjibu ile nayo nilikosea, nikachukua simu hapo hapo nikampigia yule mteja nikamwambia asiitumie ile risiti na asiniletee tena kazi ya namna hiyo. Nalisema hili kwenye taarifa kwa sababu nilishalisema kwenye kikao na siwezi kuwadai nyinyi kitu ambacho mimi mwenyewe nakificha.

Nilipolisema kile kikao hakikuisha saa kumi kama kawaida, watu walifunguka mpaka magharibi. Kila mtu anacho chake. Mihuri, barua za utambulisho za serikali za mtaa, leterihedi zenye ngao ya taifa ambayo ina sheria yake kabisa toka mwaka 1971 na sio pambo la kubandika kwenye karatasi ya biashara ya mtu. Na mara nyingi anayekaa kufanya ni kijana wa fildi, mana ndo mwenye muda, na mwenye fremu akiulizwa anasema sikuwepo.

Ila iliyonishika zaidi ni ya lebo ya dagaa, na mwenzetu amekubali niieleze bila kumtaja. Mama mmoja wa Kibirizi anayepaki dagaa kwenye vifuko alitaka lebo nzuri, apeleke mzigo Dar. Mwenzetu akampa kijana wa fildi kazi hiyo, akamwambia fanya ionekane ya dukani. Kijana akaingia mtandaoni akachukua picha ya samaki wa kwanza aliyemkuta, samaki wa bahari huko, hafanani na dagaa wetu hata kidogo. Akaweka alama ya TBS, shirika la viwango, kwa sababu kila bidhaa ya dukani anayoijua inayo. Akaweka na bakodi, na ile bakodi aliipata wapi, alipiga picha ya boksi la juisi lililokuwa mezani. Lebo ikatoka inavutia kwa kweli, rangi zimetulia, kila mtu akasifia, vifuko vikaprintiwa. Mzigo ukafika Dar, duka la kwanza tu wanapitisha mashine kwenye kifuko inasoma juisi. Wakaangalia na ile alama ya TBS, wakamuuliza mama leseni iko wapi, hana, wala hajui kama inaombwa. Vifuko vyote akarudi navyo.

Sasa hapo nani alikosea? Mimi nasema sio mtoto. Alama ya ubora ya TBS haiwekwi mpaka bidhaa ipimwe na mwenye bidhaa apewe leseni, na mjasiriamali mdogo anaanzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, hapa hapa Kigoma apate barua ya utambulisho. Bakodi inaombwa GS1 Tanzania, ndo wanaozitoa hapa nchini, na za kwetu zinaanza na 620, kwa hiyo anayejua akiona namba za mwanzo tu anashtuka. Ni vitu ambavyo dizaina anatakiwa amwambie mteja kabla hajafungua programu, na wateja wetu wengi hawana mtu mwingine wa kuwaambia, sisi ndo ofisi ya kwanza wanayoingia. Mwenzetu amemlipa yule mama gharama ya vifuko kidogo kidogo na lebo mpya amemfanyia bure, safari hii na picha ya dagaa wenyewe, walipigwa wakiwa wameanikwa kwenye nyavu pale pale mwaloni asubuhi jua likiwa bado changa, wanang'aa kama fedha. Nimeiona hiyo lebo. Ni nzuri kuliko ile ya kwanza mara kumi na haijaibiwa kwa mtu.

Hili la kuchukua picha na nembo mtandaoni nitalirudia kila mwaka mpaka lieleweke. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo toka 1999, kazi ya mtu inalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na haijalishi kama kaiweka mtandaoni wazi. Fonti pia zina leseni, zipo za bure kabisa tena nyingi, mfundisheni kijana kusoma leseni kabla ya kuipakua. Na wale mnaopata kazi za mashirika yanayohudumia kambi za wakimbizi, picha ya mtoto wa mkimbizi sio malighafi, uliza ridhaa iko wapi, toka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na sura ya mtu ni taarifa yake. Ukimaliza bango usiitumie tena ile picha kwenye kipeperushi cha mteja mwingine eti kwa sababu bado ipo kwenye kompyuta.

Malipo ya vijana. Hapa tulibishana sana na sijifichi kwamba kura ilikuwa ya karibu. Upande mmoja walisema mwanafunzi kaja kujifunza, anakula umeme wangu na wino wangu, nimlipe nini tena. Mzee wetu mmoja akasema yeye alipojifunza kuandika mabango ndo alimlipa fundi, alimpelekea mpaka mafuta ya mawese. Namheshimu mzee wangu na nilimwambia pale pale. Lakini fundi wake alikuwa hauzi kazi ya mkono wa mwanafunzi kwa wateja, sisi tunauza. Niliwapa mfano wa Carolyn Davidson, alikuwa mwanafunzi wa dizaini kule Portland, Marekani, mwaka 1971 akachora ile alama ya Nike mnayoiona kwenye viatu dunia nzima, akalipwa dola 35. Kampuni ilivyokua, mwaka 1983 walimwita wakampa pete na hisa za kampuni. Wao walikumbuka. Kwetu kijana anadizaini nembo ya duka, duka linafungua tawi la pili, la tatu, na yeye hata nauli ya kurudi Kibondo alikopa.

Tulichokubaliana ni kwamba kila anayepokea kijana atampa nauli ya kila siku na chakula cha mchana, na kazi ambayo kijana ameifanya mwenyewe mwanzo mpaka mwisho mteja akailipia, atapata sehemu yake na makubaliano yaandikwe siku ya kwanza, sio mdomoni. Pia aruhusiwe kuondoka na sampuli za kazi zake, na usimwambie mteja nimechora mimi. Waliobeba wino wa bosi na kufagia tu wiki nane, wakatumwa vocha na chapati, hao hatukuwafundisha kitu.

Logibuku nazo, vile vitabu vya chuo vya kuandika kazi za kila siku za fildi. Kuna wanafunzi wanakuja wiki ya mwisho na bahasha, hawajawahi kukaa hata siku moja, wanataka sahihi na muhuri wa wiki zote. Na wapo waliosaini. Ni kughushi kule kule, isipokuwa safari hii muhuri ni wa kwako mwenyewe wa halali. Mwanachama atakayebainika jina lake litatoka kwenye orodha tunayoipeleka vyuoni.

Linalofuata naliandika nikiwa na uzito. Mwaka huu binti mmoja wa fildi alikuja kwangu akilia, mwanachama mwenzetu alimwambia hatasaini logibuku yake mpaka aende naye mahali. Sitaeleza zaidi kwa sababu ya heshima ya yule binti, sio ya huyo mwanaume. Kamati ilimsikiliza binti akiwa na mama mmoja wa kamati pembeni yake, sio mbele ya wanaume saba. Huyo mtu si mwanachama tena. Binti tulimhamishia kwenye fremu nyingine akamaliza, na uamuzi wa kwenda TAKUKURU, kule kwa wanaopambana na rushwa, tulimwachia yeye na wazazi wake tukasema tutaenda naye. Rushwa ya ngono ni kosa kwenye sheria ya kupambana na rushwa ya 2007, sio utani wa kazini, na msinipigie tena simu kumwombea msamaha. Wawili mmeshanipigia. Mabinti watakaokuja mwakani watapewa namba ya dada yetu katibu msaidizi siku ile ile wanayoripoti.

Kuanzia sasa basi, siku ya kwanza ya kijana isianze na kompyuta. Mkalishe chini umwambie kazi ambazo hapa hatufanyi na kwa nini, umwambie ana haki ya kukataa hata kama wewe bosi ndo umemtuma, na akikataa asinuniwe. Katibu ameandaa karatasi moja ya hayo kwa Kiswahili chepesi, ibandikwe ukutani mahali mteja anaiona pia, mana wenye vyeti vya kubadilisha wakiisoma mlangoni wengine wanageuka wenyewe. Mimi yangu ipo juu ya printa toka mwezi wa saba.

Yule kijana wa Kasulu alimaliza salama. Wiki ya mwisho alikuja mtu anataka barua ya ofisi fulani ya serikali ichapwe na muhuri wake, mimi nilikuwa nyuma nakata kadi. Nikasikia anamjibu, "Shikamoo mzee, hiyo hatufanyi, ila kama ni barua ya maombi nakuandikia sasa hivi." Mzee akakaa, wakaiandika.

Vyuo vimeshaanza kuulizia nafasi za mwakani. Anayetaka kupokea kijana anipe jina mimi au katibu kabla ya mwezi wa tano kuisha, aseme anachukua wangapi, nani atawafundisha, nauli ataitoa lini, na kama kweli ana kompyuta na kiti cha kumkalisha, kwa sababu mwaka huu kuna wawili walimaliza wiki nane wamesimama.