Ukucha mnene si uchafu

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie kucha. Mama yangu mdogo hapa Langoni hupara samaki tangu alfajiri, kisha hufua nguo za watu mpaka adhuhuri. Ukucha wa kidole gumba chake cha kulia umekuwa wa manjano, mnene, umeinuka pembeni hata magamba ya changu hunasa chini yake. Siku za arusi huupaka hina nzito usionekane. Watu humwambia ni uchafu, au ni husuda. Maneno hayo yananiuma.

Ile huenda ni fangasi. Mikono ikishinda majini, ngozi iliyo kwenye shina la ukucha hulainika na kuachana, na kuvu ya kandida hupata mlango. Joto na unyevu wa pwani yetu huistawisha. Fangasi za kucha za miguuni mara nyingi huletwa na kuvu nyingine, zinazoenea kwa sakafu zenye maji, kandambili za kuazimana na viatu visivyopitisha hewa. Mwenye kisukari yuko hatarini zaidi.

Mama yangu mdogo ameuziwa krimu mara tatu bila ukucha kukwanguliwa na kupimwa kwa darubini, ilhali si kila ukucha mnene una kuvu. Wala hakuna aliyemwambia kwamba ukucha wa mkononi huchukua kama miezi 6 kuota upya, na wa dole gumba la mguu hata miezi 18. Kila krimu aliiacha wiki ya tatu, akidhani imeshindwa.

Naomba wauza dawa wawaelekeze akina mama wakapimwe kwanza, na wanaowapa kazi ya samaki wawape glavu.

Msomaji,
Langoni, Lamu