Mawakili wa Mwanza wapande meli waje visiwani

Mhariri habari za kazi, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua. Juzi nilikua nasoma habari za Abraham Lincoln, sio za urais, hizo kila mtu anazijua, ni za uwakili wake. Jamaa darasani hata mwaka mzima hakufikisha, sheria alijisomea mwenyewe kwa vitabu vya kuazima mpaka akapata leseni 1836 kule Illinois, Marekani, na Illinois yenyewe ilikua imekua jimbo 1818 tu. Njia ni tope, kwahiyo mahakama ndo ilikua inawafuata watu, jaji na mawakili wanapanda farasi mara mbili kwa mwaka, wiki kibao, kaunti hadi kaunti, wanalala wawili wawili kitanda kimoja, na makaratasi yake mengine yeye anayaweka ndani ya kofia.

Kesi iliyonigusa ni ya 1858. Kijana anaitwa Duff Armstrong kashtakiwa kuua, shahidi anaapa alimuona saa tano usiku sababu mbalamwezi ilikua juu inawaka. Lincoln akatoa almanaka pale pale, kile kitabu cha tarehe na nyakati za mwezi, kumbe saa ile mwezi ulikua chini unakaribia kuzama. Kijana akaachiwa huru, na Lincoln hakumdai mama yake, mjane, hata senti. Sisi watu wa dagaa hiyo tunaielewa haraka sana, maana mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti kitu, mitumbwi inakaa nchi kavu, mtu wa huku huwezi kumdanganya mwezi ulikua wapi.

Sasa shangazi yangu yuko kisiwa cha Ukara, ana kesi ya shamba la marehemu mumewe. Kumuona wakili anavuka na kivuko mpaka Bugolora, kisiwa cha Ukerewe, atafute gari mpaka Nansio, apande meli mpaka mjini, alale kwangu Kirumba. Mara ya tatu wakili, simtaji, kamwambia faili halionekani njoo wiki ijayo, na mama wa watu kashika karatasi zake kazifunga kwenye kanga zisilowe, hata hazikufunguliwa.

Gari la mahakama inayotembea tunalishukuru kwakweli, ila Ukara halifiki. Naomba mawakili wa hapa wapeane zamu, hata wawili tu kwa mwezi, waje Bugolora wakae siku mbili wasikilize watu. Meza na viti tutatafuta, pa kulala nyumbani kwetu papo, na samaki watakula.

Mvuvi wa dagaa, Kirumba, Mwanza